Kodi ya Jumanne

Kuna kodi ya pango, hiyo haina mjadala:
tarehe mosi Bi. Heslop anashuka ngazi, nami nalipa.
Na kuna kodi hii nyingine, ya nyuzi,
inayofungua wimbo kabla mtu hajaimba,
sekunde mbili na kidogo,
na tangu mwaka ule kingo za Tyne zilipoganda
hatujamaliza kuilipa.

Tunakutana nyuma ya karakana yangu ya magitaa,
Gateshead, mtaa unaoteremka hadi mtoni,
kila Jumanne, saa moja ya usiku imepita,
hita moja, viti vitano, kimoja kibovu mguu.

Alwyn Tulloch, aliyegawa barua miaka thelathini na moja,
anasema ni G, G tupu, basi,
ila kidole cha mwisho kimesahaulika kwenye uzi wa kwanza
kama mwavuli ndani ya basi.

Marjorie Raine hakubali.
Anakunja mkono wa sweta,
anaziba nyuzi zote kwa kidole cha shahada, freti ya tatu,
anapiga, anaiacha ife yenyewe,
kisha anatutazama mmoja mmoja
kama mwalimu anayejua nani hakufanya hesabu.
"Sikilizeni chini. Kuna D. Nani ameileta D?"
Besi, asema Alwyn.
Piano, asema Marjorie.
Kijana Fenwick, aliyezaliwa wimbo ukiwa tayari na mvi,
aliitia sauti ile kwenye kompyuta, akaimenya kama kitunguu,
ganda baada ya ganda,
akabaki na machozi na meza tupu.

Mimi? Nalehemu waya, nakaza skrubu.
Jibu langu nalificha.
Kaka yangu Lowell alinifundisha chumbani kwetu,
dirisha linatoka jasho, mama anakaanga kitu chini,
vidole vitatu mahali ambapo hawa wote wangesema, si hapo.
Si sahihi. Najua.
Mkono wangu haujui kwingine.

Sasa niwaambie la Machi.
Aliingia mzee, koti la mvua, gitaa limeviringishwa shuka:
tundu la waya linakwaruza, naweza kulitazama?
Alwyn ndiye aliyemtambua, akamwaga chai.
Ni yeye. Mkono wenyewe.

Hakuna aliyethubutu, mpaka Fenwick akathubutu.
Mzee akakuna kidevu. "Ile? Enhe.
Tulikuwa hoi. Kuna mtu alikuwa anadai sandwichi yake."
Akaketi kwenye kiti kibovu, akajiweka sawa, akapiga.

Hita ikalia tik.
Nilikuwa upande wake wa kushoto, karibu na vidole.
Niliona nilichokiona.
Alwyn akamtazama Marjorie, Marjorie akatazama sakafu,
na hapo, kwa mara ya kwanza, walikubaliana.
"Samahani, bwana," akasema Marjorie kwa upole, "siyo hiyo."

Mzee akacheka hadi akakohoa.
Akasogeza kidole. "Hivi?"
"Karibu," akasema Alwyn.
"Hivi?"
"Ah, mwanzo ulikuwa karibu zaidi."
Dakika arobaini walimfundisha,
naye hakukasirika, aliinamisha kichwa kama mtoto
anayefungwa kamba za viatu.
Akalipa pauni kumi na nane, akakataa chenji.
Mlangoni akageuka: "Mkiipata, nipigieni simu."
Namba hakuacha.

Jumanne iliyofuata hatukusikia tena habari za G wala D.
Walibishana ni kidole kipi alikisogeza.
Fenwick alichora mchoro. Marjorie akaufuta kwa kiwiko.
Alwyn aliapa kwa kaburi la mtu ambaye, nadhani, bado yu hai.

Walipoondoka nikazima hita,
nikachukua gitaa la mteja, la mtu nisiyemjua,
nikaweka vidole vitatu vya Lowell pale pasipostahili,
nikapiga kwa nguvu kuliko nilivyokusudia,
na ghorofani Bi. Heslop akagonga sakafu kwa mpini wa ufagio,
mara moja,
palepale ngoma inapoingia.