Mzigo wa Kurudi

Msellem, nipishe hicho kiti chenye mguu wa waya.
Wiki tatu nakutazama mgongoni
ukipasua mawe ya angani kwa mtambo wako wa miali:
jiwe moja, dakika nne, zari kumi na mbili.
Macho yamekuiva kama ya bawabu wa godauni
na chombo chako bado ni kile cha bure
walichokupa siku ulipojiandikisha.

Mimi michezo siijui. Mzigo naujua.
Miaka kumi na tisa nimehesabu makontena Changamwe,
kalamu sikioni, daftari kwapani,
hadi mizigo ilipopanda reli ikenda zake
nikabaki na daftari.

Haya, nionyeshe. Kituo hiki wauza nini?
Na kule kwenye mwezi mwekundu wataka nini?
Mbona hujaandika bei popote?
Lete ile risiti ya unga, tuandike nyuma yake.
Maji: hapa arubaini, kule mia na kumi.
Vyuma: kule sita, hapa hamsini.
Waona?
Wewe wapeleka maji, wauza, washangilia,
kisha warudi tumbo wazi anga nzima, wapiga miluzi.
Mafuta ni yale yale, mwanangu, njia ni ile ile.
Lori lirudilo tupu kutoka Malaba
hujitafuna lenyewe mpaka tairi la akiba.

Na ile njia ya mkato yenye mawe ya dhahabu
waachie wenye haraka. Hapo ndipo wanyang'anyi hulala.
Sisi tuzunguke.
Wala usijaze hadi kooni, nusu iache bandarini:
asiyeweka nyumbani huibiwa safari.

Usiku wa nne tulikuwa na zari laki tatu.
Dada yangu alileta chai, akatazama nyota zetu,
akauliza kama zina mshahara.
Mita ilikuwa ikilia tangu magharibi,
hakuna aliyeisikia.
Tukazimikiwa katikati ya sayari mbili,
chombo kimebeba maji, kiza kimebeba Majengo yote,
au labda ni sisi tu,
maana kwa jirani feni ilikuwa yazunguka.

Kwa Fuadi dukani jina langu lina ukurasa mzima.
"Mjomba," Msellem akanong'ona,
"twende tumwambie tuna laki tatu."
Tulicheka kizani, tukacheka vibaya,
mpaka dada akagonga ukuta kwa mwiko.

Asubuhi nikaenda Kongowea bila shughuli,
nikasimama penye lango la soko na mikono nyuma.
Tuktuk zaingia na magunia ya viazi,
zatoka na upepo.
Moja. Ya pili. Ya sita.
Kidole changu chenyewe kikaanza kuhesabu.
Nikamsimamisha kijana mmoja, Nyale, shati la bluu:
"Warudi na nini?"
Akanitazama kama niliyeuliza kabila la mamake.
"Narudi na mimi, mzee."

Kulikuwa na mama wa soda, kreti tupu kumi na nane,
zataka kwenda Kisauni, upande ule ule.
Sikufanya kubwa. Niliwakutanisha tu, nikafunga kamba.
Shilingi sitini.
Nyale alicheka njia nzima, lakini namba yangu aliichukua.

Sitini, na deni jipya la arubaini kwa Fuadi:
tokeni za mia.
Msellem alibonyeza zile tarakimu ndefu akizisoma kwa sauti
kama mtoto wa chuo asomaye ubao,
taa ikaja, na nyota zikaja nyuma yake.

Chombo kilikuwa kimevunjwa.
Maji yote yamekwenda, na jina la aliyeyachukua
limeachwa pale kwa herufi kubwa, bila haya.
Msellem akafumba uso.
Nikamwambia fungua bandarini.
Nusu ilikuwapo, imekaa kimya kama tulivyoiacha.

Akavuta pumzi. Akachungulia mwezi mwekundu.
"Mjomba, maji yameshuka. Tisini."

Andika, nikamwambia.
Bei ya jana si bei.