Chupa ya Kumi na Mbili

Usiku wa kwanza Daktari Nyagawa alinipa tochi,
chupa kumi na mbili, na daftari lenye mistari:
jina, kimo, tarehe, mahali.
"Tusekile," akasema, "wewe unazijua njia. Mimi nazijua mbawa."
Tukapanda kutoka Isongole, ukungu ukitutangulia
kama mbuzi asiye na mwenyewe.

Kwetu majina yalikuwa mawili:
chenene, anayechimba chini ya viazi,
na nyenje, anayelia.
Wengine wote mama aliwaita "hao".
Hao wa jikoni. Hao wa kwenye kuni.
Hao wakinyamaza ghafla, jua kuna mtu njiani.

Daktari alipanga kwa namna nyingine.
Alitandaza ubawa mmoja juu ya karatasi nyeupe,
akanipa lenzi nione mshipa wenye meno,
msumeno ambao hakuna fundi wa Mwanjelwa angeweza kuunoa.
Dume ndiye hukereza. Jike husikiliza,
na masikio yako miguuni, chini kidogo ya goti.
Nilicheka. Nikamwambia watu wa hivyo nawajua,
hawasikii mpaka watembee.

Tukaandika.
Usangu, kwenye majaruba ya mpunga:
wanene, weusi, wenye mbawa ndefu,
taa moja ya duka huwaita kwa mamia.
Tukuyu, pembeni mwa chai:
wembamba, rangi ya jani changa,
sauti kama uzi unaovutwa kwenye tundu la sindano.
Juu, ndani ya mianzi:
wafupi, hudhurungi, mbawa kama kucha za kichanga,
za kulilia tu, si za kurukia.
Na Kitulo, kwenye baridi ile inayouma meno,
tulikaa saa tatu tukahesabu mmoja.
Alilia polepole, akitulia sana kati ya mlio na mlio,
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

"Asiyeruka hahami," Daktari alinieleza
tukimenya viazi vya kuchoma, vidole vikiungua.
"Mlima kwake ni kisiwa. Wa huku hamjui wa kule.
Wanatazamana ng'ambo ya bonde karne kwa karne,
kila mmoja akidhani nyenje ni yeye peke yake."
Sikumjibu.
Dada yangu Anyelwisye yuko Makete, ng'ambo hiyohiyo.
Hatujaonana tangu mazishi ya baba,
na nauli si ghali kiasi hicho.

Chupa kumi na moja zilijaa.
Usiku wa kuagana alilala kwetu, na nyuma ya mafiga
kikaanza kitu: milio mitatu, kimya, mmoja.
Milio mitatu, kimya, mmoja.
Daktari aliacha uji ukapoa.
Nilimnasa kwa kikombe. Akamgeuza chini ya lenzi,
akahesabu miiba ya mguu, akahesabu tena,
akaandika *jina*, kisha alama ya kuuliza.
"Huyu simjui."

"Mimi namjua," mama akasema. "Alikuwa hapa kabla ya bati.
Ukimaliza kumtazama, umrudishe.
Jiko likinyamaza silali."

Daktari alishika chupa ya spiriti. Akaiweka chini.
Akaishika.
Alinieleza kwa sauti ndogo kwamba bila mwili hakuna jina,
kwamba kule chuoni mlio si ushahidi,
labda yupo jikoni humu tu, labda yupo kila jiko,
hakuna ajuaye. Kisha akasema amechoka,
akaniachia kikombe mezani, kimefunikwa kwa sahani,
akaenda kulala bila kuniambia la kufanya.

Daftari lipo Mbeya sasa, kabatini, na ukilifungua
utaona mistari kumi na mmoja kwa mwandiko wake uliolala.
Wa kumi na mbili umesimama wima:

*Jina: ?
Kimo: mita elfu moja mia saba, kama si zaidi.
Mahali: nyuma ya mafiga, kwa mama.
Sampuli: haipo. Analia.*