Bomba la Gongoni

Lilipasuka usiku wa kuamkia Jumapili,
kati ya msikiti na Wamoraviani,
pale lami ilipochoka.

Muadhini Mrisho alifungua koki: pumzi tu.
Ng'ambo ya barabara Mchungaji Kasele
ana vichanga saba vya kubatiza
na beseni kavu.
Wakaitana kwa majina ya utotoni.

Fundi Mihambo kalala kifudifudi topeni,
mkono shimoni hadi begani,
anapapasa kama mkunga.
"Mpira wa baiskeli, upesi!"
Mchungaji akaifumua yake.
Kalunde wa maandazi akashika tochi.

Maji haya yametoka Ziwa Viktoria,
yamepita Nzega bila tiketi,
hayajauliza nani anatawadha.

Koki zikakohoa kutu, kisha zikasema.

Mchungaji alikwenda ibadani kwa miguu.