Breki ya Pili

Gari letu lilikuwa mwalimu kabla ya kuwa letu.
Miaka minne, kwenye uwanja wa mafunzo wa Jiamusi,
lilifundisha waoga kurudi nyuma.
Upande wa abiria lilikuwa na breki ya pili,
ya mkufunzi, na walipoing'oa
waliziba tundu kwa kipande cha bati.
Mama alikaa hapo. Kila nilipokata kona
mguu wake ulikanyaga bati.

Leo karani Zhan amefungua kitabu cha gari:
liliwahi kutumikia watu kwa malipo,
na kubadili kibao si kubadili ukoo.
Miaka kumi, basi. Likapondwe.
Nikasema, la jirani yetu Mu Changhai ni pacha wake,
kiwanda kimoja, mwezi mmoja, weupe ule ule,
na lile hukohoa kila asubuhi, hili halijawahi.
"Dada," akasema, "sheria haisikilizi injini."
Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamenya mbegu za alizeti.

Nilitia mafuta ya kufika yadi tu.
Theluji ilikuwa imeganda barabarani; nikaenda kwa adabu
kama mwanafunzi siku ya mtihani.
Wakalipima kwa kilo, wakanihesabia
hela zisizonunua baiskeli.

Nikaomba bisibisi.

Kile kibati sasa kiko sakafuni jikoni,
mbele ya kiti cha Mama.
Nikianza kupayuka, nikiharakisha mambo,
nasikia chini ya meza:
ta.