Kilo Kumi na Moja

Saa nne usiku, Pasua, mwezi wa saba.
Baridi imeshuka kutoka mlimani bila kubisha hodi
na mwanangu Aikaeli anawaka kifuani pangu
kama jiwe la jikoni lililosahauliwa.

Mfukoni nina vidonge vinne vya njano,
vya mgongo wangu. Navimeza Ijumaa,
baada ya wiki nzima ya magunia.
Kimoja nilishakivunja nusu,
nusu nikaivunja ikawa robo,
robo nikaisaga kwa mgongo wa kijiko.
Ndeshi yuko zamu ya usiku.
Hakuna wa kunishika mkono.

Mama akapiga simu toka Kibosho:
"Mpe aspirini. Wote mlikua kwa aspirini."
"Wote?"
Simu ikavuma kidogo.
Tulizaliwa sita. Tuko watano.
Wa tatu aliondoka na homa, na hadi leo
hakuna ajuaye homa ile ilikuwa ya nini.

Nikaupuliza ule unga wa njano,
nikamfunga mtoto kwa khanga ya mama yake, nikatoka.

Nakijwa wa duka la dawa alikuwa na kufuli mkononi.
Hakuguna. Alifungua tena.
"Miezi mingapi?"
Kumi na sita.
"Kilo ngapi?"

Nikakosa neno, mimi
nipimaye kahawa tangu saa moja asubuhi,
nilijuaye gunia lililopungua nusu kilo
kwa namna tu lilivyokaa.

"Panda naye."
Sabini na tisa.
"Nipe mimi. Panda peke yako."
Sitini na nane.
"Basi," akasema, "kilichopungua ndiye mtoto."

Akashusha chupa mbili.
"Hii ya rangi ya chungwa ni brufeni. Si mbaya, homa inashusha,
ila inataka tumbo lenye chakula na mwili wenye maji.
Ametapika?"
Mara tatu.
Akairudisha rafuni.
Aspirini hata hakuigeukia.
"Ile ya watu wazima. Mtoto hapewi,
hata bibi yake akilia."
Nikamwonyesha, kwa aibu, vidonge vyangu.
"Hivi," akasema, "ni vya magunia."

Ikabaki parasetamo ya maji, ya waridi,
na kikombe chake kidogo chenye mistari.
"Tumia hiki. Vijiko vya chai havina mama mmoja."
Akauchora kwa kalamu mstari wa tano.
"Hadi hapa. Kila baada ya saa sita.
Mara nne, usiku na mchana wake, usivuke.
Na ukinunua dawa ya mafua, soma ubavuni:
hii hii hujificha humo, ukampa mara mbili hujui.
Usinishukuru bado. Inazima moto tu,
aliyeuwasha haimjui.
Asubuhi kampime malaria.
Akilegea, akikataa kunyonya, akishtukashtuka,
asubuhi usiingoje."

Elfu mbili na mia tano. Nilikuwa na mbili.
Akaandika daftarini: Baba Aikaeli, mia tano.
Pembeni yake akaandika 11,
kama ninavyoandika mimi ubavuni mwa gunia.

Nyumbani nikakiinua kikombe mbele ya taa,
jicho likawa sawa na mstari.
Mkono ulitetemeka. Kidogo kilimwagika shingoni mwake,
kikanata, kikanukia peremende.
Nikakaa. Jogoo wa jirani, yule mwongo,
akawika saa nane.
Karibu na saa tisa shati langu likalowa,
na jasho halikuwa langu.

Kulipopambazuka simu ikaita.
Hakuuliza nilimpa nini.
"Anapumua?"
Anapumua. Tumepanga foleni ya kipimo.
Ana kilo kumi na moja, mama.

Nikasikia akivuta kiti.
"Yule wa tatu," akasema, "hatukuwahi kumpima.
Tulimbeba tu."