Doa Jeupe

Karatasi imekunjwa mara nane
na kila mkunjo umekula jina la kijito.
Kipimo: moja kwa elfu hamsini.
Mistari ya kimo, kahawia, inazunguka vilima
kama alama za vidole vya mtu aliyetia sahihi kwa dole gumba.

Ninaitandaza juu ya meza ya baraza la ardhi, Handeni,
naizuia isijikunje kwa simu, kwa funguo,
kwa soda ya mwenyekiti.

Hapa ranchi.
Hapa josho, kisanduku cheusi.
Seng'enge ni mstari wenye misalaba,
umenyooka bila kuuliza mto.
Mashariki pameandikwa *mbung'o wengi*:
ndipo tulipozaliwa.

Babu yangu Mbelwa alimbebea mpima mnyororo,
siku arobaini, kwa chumvi na senti chache.
Hapa panaitwaje? Akataja.
Na kile kilima? Akataja.
Alikwishaona lakini: kinachoandikwa mwaka huu
masika ijayo kinazungushiwa waya.
Walipokaribia bonde la Kwamazi
akapiga ukelele, *nyuki!*
akajizaba makofi masikioni, akatimua mbio,
na mpima nyuma yake, kofia ikabaki kwenye miiba.

Bonde halikupimwa.
Limebaki doa jeupe, la ukubwa wa ukucha.
Tulicheka hadithi hiyo utoto mzima.
Ng'ombe wa kampuni walikunywa tope la lambo;
wetu walishuka Kwamazi usiku,
kengele zimesokotwa majani.

Leo kampuni nyingine. Wakili, tai ya buluu,
anaweka ncha ya kalamu juu ya doa.
"Waheshimiwa, wanadai chemchemi ya mababu.
Iko wapi? Ramani haioni maji."
Wajumbe wanainama. Hawaoni.
Nainama nami.

Niseme nini? Kwamba babu alidanganya, na alidanganya vizuri?
"Twendeni tukaone," nasema.
"Kwa mafuta ya nani?" anauliza mwenyekiti.

Feni haizunguki. Wakili anajipangusa shingo.
Shangazi Nakivumbi, aliyeamka saa tisa usiku kuwahi lori,
hajasema neno tangu asubuhi.
Anafungua dumu lake, anajaza kifuniko,
anamnyooshea yule kijana wa watu.

Anakunywa. Anarudisha kifuniko, kinajazwa tena,
anakunywa.

"Ndiyo hayo," anasema shangazi.