Sikio la Kushoto

Shangazi Nyamizi alinitoboa mwenyewe:
sindano ya kushonea magodoro, uzi mweusi,
mshumaa wa kuchomea ncha,
kipande cha kiazi nyuma ya ndewe.
"Ukilia, tundu litapinda."
Sikulia. Likapinda vilevile.

La kulia lilipona wiki ya pili, likasahau.
La kushoto halikusahau.
Punje ya ulezi, kisha kunde, kisha furu,
na mwaka niliomaliza kidato cha nne
nilikuwa nabeba kitu kisicho na fungu sokoni,
kigumu, kinang'aa,
kinawasha usiku wa manane kama kinachodai.

Tulikipaka asali ya Sikonge, ya nyuki wakali.
Tulikipaka majivu, ndimu, dawa ya meno.
Mtu mmoja wa Ng'ambo akakikata kwa wembe, elfu tatu,
akaapa kwa jina la babu yake.
Kikarudi na mdogo wake.
Mama Sizya, jirani, akatikisa kichwa ukutani kwetu:
sikio la kufa halisikii dawa.
Nikaanza kufunga kitambaa hata nikienda kuoga.

Kitete, chumba namba saba, benchi lenye msumari.
Daktari Msabila hakushangaa, na hilo lilinishangaza.
Alitoa rula. Rula ya shule, ya plastiki.
"Milimita kumi na tisa," akaandika,
na mimi niliyekuwa na aibu isiyo na kipimo
nikaiona imeenea kwenye mstari mmoja wa daftari.
"Kidonda chako kilipona," akasema, "kikapitiliza.
Mwili ulipewa kazi ya kuziba tundu,
haukuambiwa pa kuachia."
Akaongeza, akiosha mikono:
"Kovu halitafutika. Litalala."

Dawa ilikuwa nyeupe kama tui.
Haikutaka kuingia. Kovu lilibana meno,
bomba likatetemeka mkononi mwa nesi,
na Shangazi, aliyekuja kunishika mkono,
akashikwa yeye.
Kila wiki ya nne. Mara tano.
Kisha kisu, kidogo, kwa ganzi,
kisha sindano tena, kisije kikarudi na ukoo.
Kibandiko cha silikoni kilipanda treni kutoka Dar,
kinaoshwa kwa sabuni, kinakaushwa, kinarudishwa.
Na kibanio cha kulalia, miezi sita.
"Umeanikwa," Shangazi alinicheka gizani,
kisha nikamsikia halali.

Hakuwahi kuomba radhi. Aliuza mbuzi,
akauza madumu mawili ya asali,
hela akazihesabu ndani ya leso
bila kutaja zinakwenda wapi,
na kila Alhamisi ya kliniki alitangulia mlangoni
amevaa viatu vyake vya harusi.

Ngozi imepauka pale, sikufichi,
doa la rangi ya chai ya maziwa.
Hereni nimekatazwa, hata zile za kubana.
Lakini dawa lilisikia, Mama Sizya.
Lilichelewa tu kuitika.

Mwaka huu macho ya Shangazi yameingia ukungu.
Jana jioni, tukisubiri kunde ziive,
akafuta vidole kwenye khanga:
"Lete sikio."
Nikainama. Akapapasa juu, akashuka,
akaminya ndewe kati ya vidole viwili
kama anayekagua unga wa kununua.
"Siyo hili," akasema. "Nipe la kushoto."

"Ndilo hilo, Shangazi."

Akanyamaza. Kidole kikarudi,
kikatafuta, kikatafuta,
mpaka ukucha ukaukuta uzi mwembamba wa mshono,
ukasimama hapo.
"Ahaa," akasema, kwa sauti ndogo,
kama aliyepapasa gizani akagusa komeo la nyumba yake,
na hakuuondoa mkono
mpaka kunde zikaungua.